Yatima Hahitaji Mgeni wa Siku Moja



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), napenda kuzungumza na wasomaji wa jarida hili juu ya kazi ambayo sisi watu wa pwani twaisikia kwa mbali, wala hatuijui sawasawa. Serikali huiita ustawi wa jamii. Nimeifanya kwa miaka 11 katika kaunti za Homa Bay na Migori, kando ya Ziwa Victoria, na muda wote huo jamaa zangu wa Mombasa wameniuliza kwa upole ni kazi gani hasa, maadamu mimi si daktari, si mwalimu wala si wakili. Swali lao ni la haki. Nimeona nilijibu kwa kalamu, kwa sababu jibu lake lawahusu mayatima na wajane wa mitaa yetu wenyewe kuliko tunavyodhani.

Homa Bay na Migori zamani zilikuwa wilaya moja ya South Nyanza. Wenyeji wake wengi ni Wajaluo. Visiwani na ufuoni wako Wasuba, na kusini, mpakani na Tanzania, wako Wakuria. Uislamu si mgeni huko. Kendu Bay, Homa Bay mjini na Migori mjini kuna misikiti, na Hussein Onyango, babu yake Barack Obama, alikuwa Mwislamu wa upande huo wa Kendu Bay. Watu huishi kwa samaki, kwa mahindi na tumbaku, kwa miwa inayopelekwa kiwandani Awendo, na kule Macalder, katika Nyatike, kwa dhahabu inayochimbwa kwa mikono. Ni nchi ya watu wakarimu, ambako mgeni hawezi kuondoka bila ya kutiliwa chochote mdomoni.

Lakini nchi hiyo ilipigwa na ugonjwa wa UKIMWI kuliko nyingine yoyote nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 4.9 ya watu wazima wa Kenya walikuwa na virusi; Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6, yaani karibu mtu 1 katika kila 5, na Migori zaidi ya mtu 1 katika kila 10. Kabla ya dawa kupatikana, wazee wa huko husimulia kwamba siku ya Jumamosi mtu hakujua aende mazishi yapi na ayaache yapi. Mwaka 2001 madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières walianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila ya malipo katika hospitali ya Homa Bay, miongoni mwa hospitali za umma za mwanzo nchini kufanya hivyo. Watu waliokwisha kutandikiwa kitanda cha mauti waliinuka wakarudi mashambani. Hata hivyo kizazi kizima cha wazazi kilikuwa kimekwisha kuondoka, na watoto wao wakabaki mikononi mwa nyanya.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia. Dawa iko kliniki, nayo ni ya bure, lakini mgonjwa haji. Muuguzi hawezi kuiacha foleni ya watu 60 akaenda kumtafuta mmoja. Lazima apatikane mtu wa kuvaa viatu, kupanda bodaboda mpaka njia inapokatika, kisha kutembea kwa miguu hadi nyumba husika na kupiga hodi. Akifika, aghalabu hukuta kwamba sababu si ujinga wala ukaidi. Mwanamke mmoja ameacha dawa kwa sababu mumewe hajui kwamba anazitumia. Mwingine amehama ufuo mmoja kwenda mwingine akifuata dagaa, ambao huko huitwa omena, na kadi yake ya kliniki imebaki alikotoka. Wa tatu anazitapika kwa kuwa anazimeza na tumbo tupu. Kila mmoja ana dawa yake nyingine, ambayo haimo katika kabati la hospitali: kwa yule wa kwanza ni mazungumzo na mume, kwa wa pili ni barua ya kumhamishia kliniki ya jirani, na kwa wa tatu ni unga.

Niruhusuni nieleze nyumba moja, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kitu nilichojifunza. Ilikuwa juu ya vilima vya nyuma ya Mbita. Aliishi humo bibi kizee aliyekuwa akilea wajukuu 5, watoto wa binti zake wawili waliofariki. Siku ya kwanza alinipa kiti, akanipa maji, akanishukuru kwa kuja na kuniambia kuwa wote wazima na hawana shida. Nilirudi baada ya wiki 2, akaniambia vivyo hivyo. Mara ya tatu nilifika wakati wa jua kali la mchana. Alikuwa jikoni, akaniita, "Nyathina, njoo," yaani mwanangu, njoo. Akafunua chungu. Mlikuwa na maji na mboga za majani, basi, na hicho ndicho chakula cha watu 6 cha siku ile. Hakusema neno jingine, nami sikumuuliza.

Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara, inawataja masikini ambao asiyewajua huwadhania kuwa matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba, na kwamba hutambuliwa kwa alama zao. Nilikuwa nikiisoma aya hiyo tangu utotoni madrasani. Maana yake niliiona pale jikoni. Mtu mwenye staha haombi, na mgeni wa siku moja humwacha akiamini kwamba nyumba ile ina shibe. Ili alama zile zionekane, lazima aweko mtu anayerudi mpaka azoeleke, mpaka mwenye nyumba achoke kumficha.

Baada ya chungu kufunuliwa ilianza kazi ya karatasi, na kazi hii watu wengi huidharau. Serikali ina mpango wa kuzisaidia kaya zenye mayatima, ambao sasa umo katika Inua Jamii, na hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila kaya. Twafaa kujua, sisi wa pwani, kwamba mpango huu ulianza kwetu. Mwaka 2004 ulijaribiwa kwa takriban kaya 500 tu katika sehemu 3: Kwale, Garissa na Nairobi. Baadaye ukapelekwa Nyanza, na watafiti waliulinganisha maendeleo ya kaya zilizopokea fedha na zile ambazo hazijapokea, katika wilaya 7 zikiwemo Kwale, Homa Bay, Suba na Migori. Walikuta kwamba fedha hizo, ndogo kama zilivyo, ziliwafikisha watoto wengi zaidi shule za sekondari, zikaongeza aina za vyakula nyumbani, na vijana wakachelewa kuingia katika uhusiano wa kimwili. Yatima wa Kwale na yatima wa Homa Bay walisimama katika safu moja, na wote wawili walinufaika.

Lakini fedha hazina miguu. Bibi yule alitakiwa awe na kitambulisho, watoto wawe na vyeti vya kuzaliwa, na iwepo hati ya kuthibitisha kwamba wazazi wao wamefariki. Binti zake walifia nyumbani wakazikwa bomani kama ilivyo desturi, na hakuna aliyeandika lolote. Watoto watatu walizaliwa kwa mkunga wa kijijini. Tulikwenda kwa naibu wa chifu, kisha kwa chifu, kisha kwa msajili wa vizazi na vifo, kisha tena kwa chifu kwa kuwa tarehe mbili hazikukubaliana. Karatasi zilipotimia, mashine ya benki haikuweza kuzisoma alama za vidole vyake, kwa sababu jembe la miaka 50 lilikuwa limezifuta. Ikawa ni barua nyingine na safari nyingine. Mambo yote hayo yalichukua miezi 7. Hakuna hata siku moja katika miezi hiyo ambayo mpiga picha angeona la kupiga. Hata hivyo, lau asingekuwepo mtu wa kufuata, fedha zile zingekaa Nairobi na bibi angekaa na chungu chake.

Fedha zilipoanza kuja, lilibaki jambo ambalo shilingi peke yake haliwezi. Mjukuu wa kwanza, msichana wa miaka 14, alikwisha kuacha shule akawa anashinda ufuoni kutafuta omena za kuuza. Katika fuo nyingi za ziwa lile kuna mtindo uitwao jaboya. Samaki ni wachache na wanunuzi ni wengi, basi mwenye chombo humchagua mwanamke wa kumuuzia, na malipo yake hayaishii katika fedha. Kila mtu ufuoni analijua jambo hili na kila mtu huona haya kulitaja. Kumfokea binti hakusaidii, kwa sababu hakwenda kule kwa anasa. Tulizungumza na nyanya, na mwalimu mkuu, na kamati ya ufuo, na akina mama wenye chama cha kuweka akiba, ambao walikubali kumpa nyanya mkopo wa kuanzia ili anunue dagaa kwa fedha taslimu kupitia kwao, na mtoto arudi darasani. Alirudi, akatoroka, akarudi tena. Leo amemaliza kidato cha nne na anauza nguo mjini Mbita. Hakuwa daktari wala rubani, kama hadithi za wafadhili zinavyopenda kumalizika. Lakini ni mzima, anajitegemea, na anamlisha nyanya yake.

Upande wa Migori nilijifunza jambo jingine, nalo ni tofauti kati ya kumwokoa mtoto na kumlinda. Miongoni mwa Wakuria, ukeketaji wa wasichana hufanywa kwa misimu, aghalabu shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka. Sheria ya mwaka 2011 imeuharamisha, na polisi hufanya misako. Wasichana hukimbilia shule na makanisa yaliyogeuzwa kuwa mahali pa hifadhi, na wengine huvushwa mpaka, ama kukeketwa ama kukikimbia kisu chenyewe. Magazeti huandika Desemba. Lakini Januari shule hufunguliwa, hifadhi hufungwa, na msichana hana budi kurudi kwa babake yule yule aliyemkimbia. Asipopatikana mtu wa kwenda kuzungumza na baba huyo kabla ya binti kurudi, msimu ujao yatakuwa yale yale, na safari hiyo hatapata nafasi ya kukimbia.

Nakumbuka baba mmoja ambaye tulimwendea mara 5, mimi na mzee mmoja wa ukoo wao aliyekuwa na heshima kubwa. Mara 3 za mwanzo alitusikiliza akiwa amesimama, bila ya kutukaribisha tukae. Mara ya nne alileta viti. Akasema hofu yake si mila. Hofu yake ni kuwa binti hataolewa na ndugu zake watamcheka barazani. Kumbe tulikuwa tukimpa hoja za afya na za sheria, naye anazijua zote, na lililomkalia moyoni ni jingine kabisa. Mzee yule ndiye aliyemjibu, kwa kumtajia nyumba za ukoo wao wenyewe ambamo wasichana wasiokeketwa wameolewa na wana watoto. Polisi asingeweza kulipata jibu hilo, wala bango la kampeni.

Ndugu zangu, jambo hili la aibu na la mazungumzo ya ndani laturejesha kwetu. Sisi watu wa pwani twaithamini sitara, na ni haki tuithamini, kwa kuwa dini yetu inatuhimiza tusitiriane. Lakini nimeona, huko bara na huku kwetu pia, neno sitara likitumiwa kufunika dhuluma. Mtoto anaumizwa na jamaa wa karibu, na wakubwa wanakaa usiku kupatana kwa mbuzi au kwa fedha, ili jina la nyumba lisichafuke. Sheria ya makosa ya kingono ya mwaka 2006 haitambui mapatano ya namna hiyo, wala sidhani kama Mwenyezi Mungu anayatambua. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyefunzwa sawasawa ni mtu wa sitara. Hasimulii sokoni aliyoyaona ndani ya nyumba. Faili zake hufungiwa na jina la mtoto halitajwi. Ila yeye huisitiri nyumba kwa kuiondoa dhuluma iliyomo. Kuifunika tu na kuiacha iendelee si sitara. Kila mzazi na aiweke akilini namba 116, ambayo ni simu ya bure ya kumsaidia mtoto nchini Kenya.

Sasa nifike kwenye la malipo, kwa maana hapa ndipo pana mtihani mkubwa. Katika Migori, sehemu za Rongo, kuna kijiji kiitwacho Lwala. Vijana wawili wa hapo, Milton na Fred Ochieng', walisoma chuo kikuu Marekani. Wanakijiji waliuza mifugo yao kuchanga nauli ya kumpeleka Milton, nao walipompa hawakumwomba zaidi ya kwamba asiwasahau. Wazazi wao walifariki kwa UKIMWI kabla ya kuiona zahanati ambayo watoto hao waliifungua kijijini mwaka 2007. Jambo la busara lililofanyika hapo ni kwamba wakunga wa jadi, ambao Wajaluo huwaita nyamrerwa, hawakufukuzwa wala kutukanwa. Walifunzwa, wakapewa kazi ya kutembelea nyumba kwa nyumba na kuwasindikiza waja wazito hadi zahanati, na wakalipwa. Wakati huo, sehemu nyingi za Kenya, kazi hiyo ilikuwa ya kujitolea, na mtu anayejitolea huku watoto wake wana njaa hawezi kurudi katika nyumba ya mwenzake mara ya nne na ya tano. Serikali nayo ilikuja kuliona hilo. Septemba 2023 ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wakiwa na mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali Kuu na nusu kutoka kaunti.

Lakini sehemu kubwa ya kazi ya ustawi katika kaunti hizo mbili ililipwa na watu wa mbali, hasa walipa kodi wa Marekani. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ndani ya siku chache washauri nasaha, akina mama walioishi na virusi na kuwaongoza wenzao, na wafuatiliaji wa wagonjwa walioacha dawa, waliambiwa wabaki majumbani. Nami nilikuwa miongoni mwao. Dawa hazikutoweka siku ile. Kilichotoweka ni miguu ya kuzifuata. Nimewaona wenzangu wakiendelea kuwatembelea watoto wao wa orodha kwa nauli ya mfukoni, mpaka mfuko ukaisha. Siwalaumu waliotusaidia kwa miaka 20, bali nawashukuru. Nasema tu kwamba yatima ambaye ulinzi wake unategemea uchaguzi wa nchi ya mbali, huyo yuko juu ya tawi kavu.

Je, sisi tungefanyaje? Pwani hatuna upungufu wa ukarimu. Ramadhani futari hutandikwa mpaka barabarani, unga na tende hugawiwa, mayatima huvishwa kanzu na mabaibui mapya kwa Idi. Allah awalipe wote wanaotoa. Lakini tujiulize kwa ukweli: yatima anayepigwa picha Ramadhani, mwezi wa Shawwal nani amemuuliza hali? Nani anajua kwamba amehama shule, kwamba shangazi aliyekuwa akimlea amepooza, kwamba hati ya nyumba ya marehemu babake imekwisha kubadilishwa jina? Mara nyingi hakuna, kwa sababu hatujamweka mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake.

Na si kwamba dini yetu haikutuonyesha njia. Sura ya At-Tawba, inapotaja makundi 8 yanayostahiki zaka, mara tu baada ya mafakiri na masikini imewataja wale wanaoishughulikia zaka yenyewe. Mwenyezi Mungu aliyewafaradhishia matajiri kutoa, hakumtaraji mwenye kukusanya na kugawa afanye kazi kwa njaa. Sura ya An-Nisaa nayo inawaamrisha walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, wakiona kwao busara wawakabidhi mali zao, na wakati wa kukabidhi waweke mashahidi. Tazameni utaratibu huo: kumwangalia mtoto kwa miaka, kupima hali yake, kulinda mali yake, kuandika na kushuhudisha. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya Homa Bay, nayo imo katika Kitabu chetu kwa zaidi ya miaka 1,400. Masuala ya fiqhi ya nani alipwe, kwa kiasi gani na kutoka fungu lipi, yako kwa mashekhe wetu. Ninalowaomba ni walifungue baraza la mazungumzo hayo.

Wakati nao wataka hivyo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafala kwa jina lake, yaani kumchukua mtoto aliyekosa malezi na kumlea kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, bila ya kumvua nasaba yake. Ni neema kubwa. Na katika mwaka huo huo Serikali ilitangaza mkakati wa miaka 10 wa kupunguza makao ya watoto na kuwarejesha watoto katika familia. Pwani tuna makao mengi ya mayatima, yaliyojengwa kwa nia safi. Siku watoto hao watakapotakiwa kurudi kwa wajomba na shangazi, au kuingia katika nyumba za kafala, nani atazitazama nyumba hizo kabla? Nani atarudi baada ya mwezi, baada ya mwaka, kuona kama mtoto anakula pamoja na watoto wa nyumba au anakula wakishamaliza? Nyumba njema na nyumba mbaya hufanana siku ya kwanza. Zote mbili humpa mgeni kiti na maji.

Basi naomba mambo matatu. La kwanza, kila kamati ya zaka na kila msikiti wenye uwezo umweke angalau mtu mmoja, mwanamke ikiwezekana kwa kuwa ndiye atakayeingia jikoni, aliyefunzwa na anayelipwa, awe na orodha ya mayatima na wajane wa mtaa na azifuate nyumba hizo mwaka mzima. Misikiti midogo inaweza kuungana mitatu au minne. La pili, wazazi wenzangu, binti yenu au mwana wenu akisema ataka kusomea ustawi wa jamii, msimwambie kwamba amekosa alama za udaktari. Ni elimu kamili, ina vyuo vyake na sheria zake, na jamii isiyosomesha watu wake kazi hiyo itafanyiwa na wageni au haitafanyiwa kabisa. La tatu, mfanyakazi wa ustawi akipiga hodi kwenu, mkaribisheni. Hakuja kuwachunguza awaaibishe. Na akirudi mara ya pili na ya tatu, msimwone mdaku, kwa kuwa kurudi kwake ndiko kazi yenyewe.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba yeye na mlezi wa yatima watakuwa karibu Peponi, akaonyesha kwa vidole vyake viwili jinsi watakavyokaribiana. Ulezi ni jambo la kila siku, wala haumalizwi kwa mfuko mmoja wa unga. Tumwombe Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia katika nchi zile za ziwa, awahifadhi nyanya wanaolea bila ya msaada, awape riziki ya halali wenzetu waliorudishwa majumbani, na atujaalie sisi wa pwani tuwe miongoni mwa wanaotoa, na miongoni mwa wanaorudi. Amin.

Wabillahi tawfiq.